Chupa ya Matango

Vendelin, mume wangu, miaka thelathini na mmoja
alishuka mgodini kabla ya kucha, akapanda kukiwa kumekuchwa,
na hapa Havířov, majira ya baridi,
mchimba makaa huweza kumaliza wiki
jua akalisikia kwa watu.
Alipostaafu wakampa saa ya ukutani. Akaiuza.
Akanunua tangi la kioo, lita mia na ishirini,
akaning'iniza taa juu yake,
akaketi mbele kama mtu anayeota moto.

Gapi. Visamaki vya nusu kidole,
madume wenye mikia kuwashinda miili,
wanaburuta hariri majini kutwa kucha
wakiwafuata majike ambao hata hawageuki.
"Hawatagi mayai," akaniambia, kana kwamba nimebisha,
"huzaa wazima wazima, wenye macho yao.
Na mama akishazaa, ana njaa.
Asiyewahi kujificha kwenye kuvumwani, huliwa."
Nikamjibu: mwanetu yuko Brno, mwendo wa saa tatu,
mwezi wa pili huu hajapiga simu. Kajificha vizuri.

Alikuwa na daftari.
*Machi nne. Dume, buluu tupu, mkia pembetatu.*
*Machi kumi na moja. Jike, mjamzito, mvivu.*
Barua za uchumba hakuniandikia hata moja,
lakini mkia wa samaki aliupa ukurasa mzima.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuchambua.
Alichukua kijiko changu cha supu
akawakota mmoja mmoja:
huyu mgongo umepinda,
huyu mkia una pengo, kama meno ya mtoto,
huyu rangi yake haijui inataka nini.
Kisha akasimama na kijiko mkononi,
akatazama mlango wa choo,
akanitazama mimi.
"Lete," nikamwambia.
Nilikuwa na chupa kubwa ya matango ya siki.
Niliiosha mara saba, na bado ilinuka bizari.
Nikaiweka jikoni, dirishani, karibu na jiko,
nikawalisha kiini cha yai nilichokivuruga kwa vidole,
bila daftari.

Januari ile umeme ulikatika saa mbili usiku.
Kwanza hita ikazima, kisha pampu ikanyamaza,
na ukimya wake ukatuamsha kuliko kelele.
Akalivika tangi blanketi, akalivika zulia,
akalivika koti langu la kanisani.
Mimi nikawasha gesi, nikachemsha maji, nikajaza chupa za bia,
tukazielekeza majini kama wakunga.
Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Kumi na sita.
Akavaa taa yake ya mgodini kipajini,
akainama, mwanga ukashuka kwenye maji meusi
ukitafuta nani bado anapumua,
na mimi, mke wake wa miaka arobaini,
usiku ule ndipo nilipomwona kazini kwa mara ya kwanza.
Hakusema neno. Alipapasa kioo kwa kiganja
kama mtu anayesikiliza mwamba.

Asubuhi wale wa buluu tupu walikuwa chini, juu ya changarawe,
mikia yao imekunjuka, mizuri kuliko walipokuwa hai.
Alikaa jikoni na kofia kichwani.
Gesi ilikuwa bado inawaka.
Dirishani, ndani ya chupa, vibyongo wangu kumi na mmoja
walikuwa wamepanda juu, vinywa wazi,
wanadai yai lao.

Aliwatazama hadi chai ikapoa.
Kisha akaenda kulichukua daftari, akaomba kalamu.
*Januari kumi na tisa. Chupa ya matango.*
*Madume watano, majike sita.*
*Mikia:*
Hapo akasita sana,
akaacha pengo,
hadi leo hajalijaza.

Kijiko nimekirudisha kwenye droo.
Nimekiosha. Lakini supu sinywei tena.